Mama amepewa amitriptilini kwa maumivu ya miguu, lakini karatasi inasema ni dawa ya sonona

Binti wa Pili ameuliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Ninaomba mnisaidie kuielewa dawa moja kabla sijarudi kwa daktari na mama, kwa sababu nyumbani tumeshindwa kuelewana na mimi mwenyewe sina hakika ni nani kati yetu aliye sahihi.

Mama ana miaka 68 na ameishi na kisukari kwa miaka 14, akitumia metformini muda wote huo. Tangu mwaka jana nyayo zake huwaka moto usiku. Anasema ni kama amekanyaga makaa, na hata shuka ikimgusa vidoleni huivuta kando. Mchana huwa afadhali. Wiki mbili zilizopita daktari alimwandikia amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja kila usiku, akamwambia kwa kifupi kwamba ni dawa ya neva. Tulipofika nyumbani nilikunjua ile karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi ili nimsomee, na jambo la kwanza nililokutana nalo ni kwamba dawa hiyo hutibu sonona. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe daktari ameona ninaumwa akili, ila ameona haya kuniambia." Tangu siku hiyo anaimeza kwa shingo upande, na kuna siku haimezi kabisa.

Siku anazoimeza analala, hilo sitalificha. Lakini asubuhi huamka mzito, ulimi umemganda kwenye kaakaa, na usiku wa tatu alipoinuka kwenda chooni alipepesuka, akadaka kitasa cha mlango, la sivyo angeanguka. Nilijaribu kukigawa kidonge kwa kisu cha jikoni, kikasagika, nusu yake ikabaki unga kwenye kibao.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, dawa ya sonona inaweza kweli kutuliza miguu inayowaka, au kuna jambo ambalo hatukuambiwa? Je, mama atazoea kiasi cha kushindwa kuiacha? Na je, kupepesuka kule ni jambo la kupita, au ni ishara kwamba dawa hii haimfai?

Mfamasia wa Jioni amejibu:

Dada, kwanza mwambie mama yetu kwamba hakufichwa kitu. Mimi ni mfamasia, na mazungumzo haya huyarudia mara nyingi, kwa sababu karatasi ile ya ndani ya boksi huanza na matumizi ambayo dawa iliidhinishwa kwayo hapo mwanzo, wakati madaktari wamekwisha kujifunza matumizi mengine. Amitriptilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1961 kwa ajili ya sonona, na kwa muda mrefu ilikuwa miongoni mwa dawa kuu za ugonjwa huo. Leo hii wengi wanaoimeza huandikiwa kwa maumivu ya neva, kwa kuzuia kipandauso kisirudirudi, na wakati mwingine kwa watoto wakubwa wanaokojoa kitandani baada ya njia nyingine kushindwa.

Namna inavyofanya kazi si fumbo. Neva zilizoharibiwa na sukari hupeleka ishara za maumivu hata pale ambapo hakuna jeraha lolote. Ndiyo maana mama anahisi makaa na hakuna makaa. Ubongo una njia yake ya kuzipunguza ishara hizo zikiwa bado kwenye uti wa mgongo, na njia hiyo hutegemea kemikali mbili, serotonini na noradrenalini. Amitriptilini huzuia kemikali hizo zisifyonzwe haraka na neva zilizozitoa, hivyo zikakaa muda mrefu zaidi mahali zinapofanya kazi, na tena hupunguza kidogo ule wepesi wa neva kujirushia ishara zenyewe. Kemikali hizohizo zinahusika pia na hali ya moyo wa mtu, ndiyo sababu dawa ni moja na magonjwa ni mawili. Mtu asiye na sonona kabisa hupata nafuu ya maumivu sawasawa na mwenye nayo.

Kinachotofautisha zaidi ni dozi. Kwa maumivu ya neva huanzwa miligramu 10 hadi 25 jioni, na wengi wanaonufaika huishia kati ya 25 na 75. Kwa sonona, kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kati ya 75 na 150 kwa siku. Kwa hiyo mama yuko mbali na kiwango cha kutibu sonona, na hoja hiyo peke yake huenda ikamtuliza kuliko maelezo yangu yote.

Sasa nizungumzie kupepesuka, maana hapo ndipo moyo wangu uliposimama nilipokuwa nikisoma. Amitriptilini haigusi kemikali mbili tu. Huzuia pia asetilikolini, na ndiyo maana kinywa hukauka, choo huwa kigumu, mkojo hukwama kwa baadhi ya watu, macho hushindwa kusoma maandishi madogo, na kwa mzee hata kumbukumbu huweza kuvurugika. Huzuia histamini, na ndiyo maana analala fofofo na kuamka mzito, na wengine huongezeka uzito. Tena hulegeza mishipa ya damu, hivyo presha hushuka ghafla mtu anapoinuka. Kwa mwenye kisukari cha miaka 14 jambo hili ni zito maradufu, kwa sababu ugonjwa ulioharibu neva za nyayo mara nyingi huwa umezigusa pia zile neva zinazokaza mishipa mtu anaposimama, zinazosukuma chakula tumboni na zinazokamua kibofu. Dawa inamkuta mgonjwa ambaye tayari ana upungufu palepale inapogusa.

Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kina orodha inayojulikana kama orodha ya Beers, ya dawa ambazo ni heri ziepukwe kwa watu wenye miaka 65 na zaidi, na amitriptilini imo. Haina maana kwamba ni marufuku. Maana yake ni kwamba daktari akiamua kuitumia aanze chini kabisa, apandishe polepole, na awe na sababu. Mimi ningeomba daktari afikirie kuanza na miligramu 10. Vidonge vya kiwango hicho vipo, na ndiyo njia sahihi badala ya kisu, kwa kuwa vingi vya amitriptilini vina utando wa nje na vikikatwa huvunjika bila kipimo, kama ulivyoona. Ningeomba pia apimwe presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, afanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, na aulizwe kama amewahi kupata mshtuko wa moyo, mapigo yasiyo na mpangilio, presha ya macho au kifafa. Aliyetoka kupata mshtuko wa moyo hivi karibuni hapewi dawa hii.

Jambo jingine halihusu dawa hii, lakini nisipolisema sitakuwa nimekutendea haki. Metformini ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na upungufu wa vitamini hiyo nao huleta ganzi na kuwaka kwa miguu. Haitofautiki kwa macho na uharibifu wa kisukari. Muombe daktari ampime. Ikiwa ndiyo sababu, au sehemu ya sababu, vitamini yenyewe itafanya kazi ambayo amitriptilini haiwezi kuifanya hata akiimeza miaka kumi.

Kuhusu kuzoea: haimlewi mtu na haimfanyi aitamani. Lakini mwili hujirekebisha kwa uwepo wake, kwa hiyo haikatizwi ghafla baada ya wiki nyingi. Na huku kumeza leo na kuruka kesho ndiko kubaya kuliko yote mawili, maana kila anaporudi huanza upya na usingizi na kizunguzungu, na hapati siku za kutosha za kuipima faida. Kwa maumivu, wiki ya kwanza au ya pili mtu huweza kuanza kuona tofauti, ila hukumu ya haki huhitaji wiki sita hadi nane katika dozi anayoivumilia.

Tafadhali niambie jambo moja: kuna dawa gani nyingine anayomeza, hata zile za kununua bila cheti? Usiache hata ya mafua.

Niliyepona Polepole amejibu:

Mimi niliitumia kwa ajili ya sonona yenyewe, kwa hiyo niongeze upande ambao mfamasia ameupitia kwa haraka. Sioni aibu kuuandika, na ningefurahi mama yako angejua kwamba hata waliopewa kwa sababu ya sonona hawakupewa kwa kuwa ni wendawazimu.

Nilikuwa nimekwisha kujaribu dawa mbili za kundi jipya zaidi, ambazo ndizo huanzwa siku hizi kwa kuwa madhara yake huvumilika zaidi na ni salama zaidi mtu akizidisha. Hazikunisaidia. Daktari akanianzisha amitriptilini miligramu 50 usiku, akaipandisha hatua kwa hatua hadi 150 kwa muda wa majuma kadhaa. Wiki ya kwanza nilipata madhara tu bila faida yoyote: kinywa kikavu, choo kigumu, mikono ikitetemeka nilipobeba kikombe. Nilitaka kuiacha. Ilikuwa katika wiki ya tano ndipo nilipogundua, nikiwa nimesimama jikoni, kwamba nimeosha vyombo vyote na kuvifuta bila kukaa chini katikati ya kazi. Kwa mtu asiyeujua ugonjwa huu hiyo si habari. Kwangu ilikuwa kama kurudishiwa mikono.

Lakini yapo mambo mawili ambayo anayeimeza kwa sonona, au ndugu anayemwangalia, lazima ayajue. La kwanza ni hatari ya wiki za mwanzo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za kutibu sonona zibebe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Mimi nilikuwa nimeupita umri huo, na bado wiki ya pili ilikuwa mbaya, kwa sababu nguvu za mwili zilianza kurudi kabla moyo haujatulia. Dada yangu aliyashika maboksi yote, akawa ananipa vidonge vya siku mbili tu kwa wakati mmoja, na daktari aliniona kila wiki. Nilimchukia dada kwa hilo wakati ule. Leo ninaamini kuwa ni sehemu kubwa ya sababu ya mimi kuwa hai ninapoandika haya. Yeyote anayesoma hapa na kuona mawazo hayo yanamjia, amwambie mtu leo hii na aende kwenye huduma ya dharura, asisubiri tarehe ya kliniki.

La pili ni kuacha. Baada ya miezi kumi nilijiona mzima nikaacha siku moja, bila kumwambia yeyote. Siku ya tatu nilikuwa na kichefuchefu, jasho, hasira za bure, na ndoto zilizo wazi mno hata niliogopa kulala. Nilidhani ugonjwa umerudi. Daktari alinieleza kwamba ni mwili unaidai dawa iliyokatizwa, akanirudisha kwenye dozi, kisha tukaipunguza taratibu kwa miezi miwili, na safari hiyo sikusikia karibu chochote.

Nikumbushe pia kwamba mtu mwenye historia ya vipindi vya furaha iliyopita kiasi, kutolala siku kadhaa bila kuchoka na kutumia fedha ovyo, amweleze daktari mapema, maana dawa za kundi hili zinaweza kumrusha upande huo.

Mke wa Mwalimu amejibu:

Samahani, mimi nina wasiwasi na sifa zinazotolewa hapa. Mume wangu aliimeza miezi mitatu kwa miguu ya kisukari. Usingizi alipata, ila moto wa nyayo haukupungua hata kidogo, na alishindwa kukojoa hadi akawekewa mpira, kumbe tezi dume yake ilikuwa imevimba na hakuna aliyemuuliza. Alibadilishiwa pregabalini, ambayo angalau ilimpa nafuu, ijapokuwa miguu ilijaa maji. Kwa nini wazee wapewe dawa ya mwaka 1961 ilhali kuna mpya?

Mfamasia wa Jioni amejibu:

Mama, pole sana kwa yaliyompata mwalimu. Aliyeandika dawa ile alipaswa kumuuliza kuhusu mkojo kabla ya kushika kalamu; mwanamume wa umri huo mwenye tezi dume iliyokua ni mmoja wa watu ambao amitriptilini huwaumiza waziwazi. Wala sibishi kwamba wapo wengi isiowasaidia. Kwa maumivu ya neva hakuna dawa inayomfaa kila mtu, na anayepata nafuu mara nyingi hupata sehemu tu.

Ila upya wa dawa haukuwa hoja yenye nguvu pale zilipopimwa pamoja. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliowafuatilia watu 130 wenye maumivu ya neva ya kisukari, kila mmoja akipitishwa kwa zamu kwenye mipango mitatu ya tiba: mmoja ulianza na amitriptilini, mwingine na duloksetini, mwingine na pregabalini, na dawa ya pili ikaongezwa pale ya kwanza ilipokuwa haitoshi. Nafuu ilikaribiana katika mipango yote mitatu, na waliohitaji dawa ya pili walipata nafuu zaidi kuliko walipokuwa na moja. Kilichotofautiana ni madhara: amitriptilini ilikausha vinywa zaidi, pregabalini ikaleta vizunguzungu zaidi, duloksetini ikaleta vichefuchefu zaidi. Kwa hiyo swali ambalo mimi huliuliza si dawa ipi ni bora, bali mgonjwa huyu ana udhaifu gani ambao dawa hii itaukanyaga. Mwenye tezi dume, presha ya macho au moyo dhaifu simwelekezi kwenye amitriptilini. Mwenye figo zilizochoka, pregabalini inahitaji kupunguzwa. Mwenye ugonjwa wa ini, duloksetini haimfai. Kwa mama wa Binti wa Pili ambaye amekwisha kupepesuka mara moja, mjadala wa kubadilisha ni halali kabisa, na ninaona vyema ulivyouleta.

Niseme kidogo juu ya ukongwe, maana una hadithi yake. Ndugu ya amitriptilini aliyetangulia anaitwa imipramini. Ilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa skizofrenia, haikuwasaidia, lakini daktari Roland Kuhn wa Uswisi akaona kwamba wale waliokuwa na sonona kali walikuwa wakichangamka, akachapisha habari hiyo mwaka 1957. Zote mbili huitwa dawa za pete tatu kwa sababu ya umbo la molekuli yake. Zilipatikana kwa daktari kuwaangalia wagonjwa wake kwa makini na kuwasikiliza, na hata leo haziwezi kutumiwa vizuri bila hayo mawili.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Nimesubiri kuona kama kuna atakayeuliza, na hajatokea, basi nauliza mimi: Binti wa Pili, hapo nyumbani kuna mtoto mdogo? Na maboksi hayo yanakaa wapi?

Ninafanya kazi katika kitengo cha dharura. Katika dawa zote zinazowekwa kwenye mikoba na chini ya mito, hii ni moja ya ninazoziogopa zaidi, kwa kuwa nafasi iliyopo kati ya dozi inayotibu na kiasi kinachoua ni nyembamba. Mtu mzima mwenye kukata tamaa huweza kufa kwa akiba ya wiki chache, na ndiyo maana dada wa Niliyepona Polepole alifanya jambo la busara. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, vidonge vichache tu vinatosha kumfikisha pabaya.

Niliwahi kumpokea mtoto wa namna hiyo. Bibi yake alikuwa ameviacha kwenye mkoba uliokuwa juu ya kochi, vina rangi na utando laini kama peremende. Alipoletwa alikuwa anasinzia tu, na baba yake alikuwa anasita mlangoni akijiuliza kama amekuja bure. Mashavu yalikuwa mekundu, ngozi ya moto na kavu, mboni za macho zimepanuka zikafunika karibu rangi yote ya jicho. Baada ya muda mfupi alianza kutetemeka mwili mzima, na mistari ya mashine ya moyo ikaanza kupanuka. Tulimpa sodiamu baikaboneti kwenye mshipa, ambayo ndiyo dawa tunayoikimbilia katika sumu hii, tukaona ile mistari ikijikusanya tena polepole. Alipona. Lakini alipona kwa sababu baba hakugeuka pale mlangoni.

Kwa hiyo ikitokea mtu amezidisha, au mtoto amekutwa na kidonge mdomoni, msimtapishe, msimpe maziwa, msisubiri kuona kama atachangamka. Mtu anayeongea vizuri sasa huweza kupata degedege ndani ya saa moja. Mpelekeni hospitali mara moja mkiwa mmebeba boksi, tuhesabu vilivyobaki.

Binti wa Pili ameandika tena:

Nimesoma yote nikiwa nimekaa na mama, nikimsomea kwa sauti. Ile ya dozi ilimwingia. Aliniambia nirudie mara mbili.

Mfamasia, umeuliza dawa nyingine. Mbali na metformini anatumia ya presha. Mafua yakimshika hununua klorfeniramini. Na leo amekiri jambo ambalo sikulijua: miguu ikizidi kuwaka humeza tramadoli aliyopewa zamani alipovunjika mkono, kidonge kimoja, wakati mwingine viwili, na mara ya mwisho ilikuwa usiku uleule aliopepesuka. Muuguzi, ndiyo, mjukuu wa miaka mitatu yupo, na boksi lilikuwa kwenye droo ya kabati la kitandani, ile ya chini.

Mfamasia wa Jioni amejibu:

Ahsante kwa kusema, na mpe mama ahsante yangu kwa kukiri. Tramadoli asiiguse tena hadi daktari atakapojua. Si kidonge cha kawaida cha maumivu: nayo huongeza serotonini, na nayo hushusha kizuizi cha degedege, kwa hiyo zikikutana na amitriptilini hatari zote mbili hujumlika, pamoja na usingizi na kizunguzungu. Dalili za serotonini kuzidi ni kutetemeka, jasho, kuhangaika, misuli kukakamaa au kurukaruka, homa na mapigo ya moyo kwenda mbio. Akiziona ni dharura. Kwa sababu hiyohiyo, mtu yeyote atakayepewa linezolidi, antibiotiki inayotumika pia kwa kifua kikuu sugu, au dawa za sonona za kundi la zamani linalozuia kimeng'enya cha MAO, ni lazima amtaje daktari amitriptilini. Kati yake na dawa hizo za MAO huachwa angalau siku 14. Fluoksetini nayo hulizuia ini lisiivunje amitriptilini, ikarundikana damuni, na athari hiyo hudumu majuma kadhaa hata baada ya fluoksetini kuachwa.

Klorfeniramini ni jambo dogo zaidi, ila nayo hukausha na kulaza kwa njia ileile, hivyo zikiwa mbili mama atakuwa mkavu na mzito maradufu. Mafua yanaweza kusubiriwa yaishe. Dawa ya presha msiikatize kwa uamuzi wenu. Mtajieni daktari jina lake, kwa maana huenda nayo imechangia kushuka kwa presha usiku ule. Pombe, kama ipo, iachwe.

Hadi mtakapomwona daktari, na ombeni miadi ya wiki hii: aketi ukingoni mwa kitanda na kuhesabu hadi sitini kabla ya kusimama, taa ndogo ibaki ikiwaka njiani kuelekea chooni, na achunguze miguu yake kila siku, kwa sababu mguu ambao maumivu yake yametulizwa bado unaweza kupata kidonda.

Binti wa Pili ameandika baada ya wiki tatu:

Nimerudi kuwapa mrejesho. Tulimwona daktari siku ya tatu baada ya maandishi yenu, nikiwa na orodha ya dawa zote kwenye karatasi moja, tramadoli ikiwa ya kwanza. Daktari alisoma, akanyanyua macho, akamuuliza mama kwa upole alikuwa anameza ngapi. Presha ilipopimwa amelala ilikuwa 138, aliposimama ikashuka hadi 112. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka vizuri. Vitamini B12 ilikuwa chini, na ameanza sindano.

Tramadoli imerudishwa famasia. Amitriptilini imeshushwa hadi miligramu 10, inamezwa saa mbili usiku badala ya wakati wa kulala, ili uzito umalizike kabla ya asubuhi, na ikishindwa kumsaidia katika wiki sita wataangalia duloksetini baada ya kupima ini na figo. Kinywa bado hukauka; ana chupa ya maji kando ya mto. Hajapepesuka tena. Nyayo zinawaka, lakini anasema sasa ni majivu ya moto, si makaa, na juzi nilipomfunika shuka usiku hakuivuta.

Boksi liko kabatini juu, ndani ya kopo la chuma lenye kufuli, na ufunguo anao mama mwenyewe, kwenye mkufu.